Wa Kwako, Mayu

Mtu akiniambia anasafiri kutoka Shinyanga kwenda Geita kwa kupitia Kahama, kitu cha kwanza ninachomwambia ni asimame wapi. Sijui kuendesha gari, ila kula njiani najua. Tinde simama ununue karanga za kuchemsha, zile zinazouzwa zikiwa bado za moto. Isaka kuna supu ya makongoro wanayokunywa madereva wa malori ya Rwanda na Kongo. Ukitaka kujua pa kula, angalia malori yamepaki wapi. Kagongwa usihangaike na chakula, nunua mchele. Kahama kaa chini, agiza chakula cha kueleweka, nenda msalani, jaza mafuta. Kuanzia hapo, kama barabara kuu iko wazi, utafika kwa raha zako.

Kama wamekuelekeza mchepuko wa kupita mbugani, usisimame popote. Funga vioo. Na ukikwama, mtu akakuuliza kitu, mjibu ukweli hata kama ni wa aibu.

Hilo la mwisho watu hulicheka. Wanadhani nawatania, kwa kuwa mimi Evelina kwa utani najulikana mtaa mzima wa Ngokolo. Safari hii sitanii. Yaliyotokea yalimkuta kaka yangu wa tumbo moja, na walionisimulia ni wawili waliokuwa naye kwenye gari, mke wake Eufrasia na shangazi yetu Rhoda. Kila mmoja alinisimulia kwa wakati wake, na maneno yao yalilingana mpaka nikatamani yasilingane.

Kaka yangu anaitwa Mihayo. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno, na kweli alikuwa mtu wa maneno matamu. Ndiye kifungua mimba wa kwetu, kwa hiyo mama yetu tangu ujana wake anaitwa Mama Mihayo; wengine mtaani hata jina lake la ubatizo hawalijui. Mihayo alikuwa mtu wa mapokezi kwenye gesti moja pale mjini. Kazi ile ilimkuta tayari ana adabu, ikamwongezea nyingine. Ukisifia shati lake, anakwambia la kwako hilo. Ukimuuliza gari hili la nani, la kwako, dada. Ni adabu ya kwetu, wazee wote wanayo. Unamkuta mtu anachunga, unamuuliza ng'ombe hawa wa nani, anakujibu wa kwako, baba. Hakuna aliyewahi kuondoka na ng'ombe kwa jibu lile.

Kwa adabu zake zote, mke alimpata kwa kumtorosha. Eufrasia ni binti wa mzee Herman wa Bukoli, kule upande wa Geita. Alikuja Shinyanga kujifunza ushonaji, wakapendana, na siku moja Mihayo akaingia naye nyumbani na begi lake, bila posa wala barua. Kwetu huko ndiko kulehya, kutorosha binti wa watu, na hutokea sana. Baadaye wazee hukaa, ng'ombe wa mahari hutoka, mambo yanakwisha. Ila mzee Herman alikataa kukaa na sisi. Mimba ya kwanza ya Eufrasia ikaharibika, akalia peke yake bila mama yake kumshika mkono. Ya pili ilipofika mwezi wa tisa ndipo mzee akatuma ujumbe: binti yangu aje ajifungulie kwangu, mtoto azaliwe kwenye mji wangu, halafu tuzungumze. Hakuwa anatutukana. Kwa mila yetu, kama ng'ombe hawajatoka, mtoto ni wa kwao mama yake.

Basi wakafunga safari, Septemba, kiangazi kimekomaa. Shangazi Rhoda alikwenda kuzungumza kwa niaba ya ukoo, maana magoti ya mama hayakumruhusu kukaa garini siku nzima. Waliondoka asubuhi na Probox ya Mihayo, rozari inaning'inia kwenye kioo, na mimi nikawapa maelekezo yangu yote ya wapi pa kusimama. Waliyafuata. Karanga walinunua Tinde, supu walikunywa Isaka. Eufrasia aliniambia kwamba pale Isaka mtoto alicheza sana tumboni, mpaka gauni likawa linapanda na kushuka, na dereva mmoja wa lori akamwambia huyo atakuwa mchezaji wa mpira. Wakacheka wote. Kahama wakala wali na maharage na kipande cha kuku, shangazi akaongeza sahani.

Walipotoka Kahama wakakuta barabara inatengenezwa. Kijana mwenye bendera akawaelekeza kushoto, kwenye mchepuko.

Mbuga ile siku za masika ni maji matupu, hata ng'ombe hawapiti. Kiangazi inakauka, udongo mweusi unapasuka mipasuko ya kuingiza mguu, na hapo huoni mti, huoni nyumba, huoni hata kichuguu. Njia yenyewe ni alama za matairi tu, zimenyooka mpaka zinapopotelea kwenye mvuke wa jua. Ilikuwa mchana wa jua la utosi. Hawakukutana na gari hata moja. Shangazi alikuwa kiti cha nyuma, wali umemzidi nguvu, amelala mdomo wazi.

"Mihayo," Eufrasia alisema, "nasikia harufu ya udongo."

Waliowahi kubeba mimba wananielewa. Namaanisha udongo ule wa kula, wa kijivu, unaouzwa sokoni kwa mafungu. Eufrasia alikuwa haupati wa kumtosha. Mihayo akamwambia mbuga yote hii ni udongo, achague tu. Wakati wanacheka, mbele yao ukatokea ubanda wa mabua, na chini yake mwanamke ameketi kwenye kiroba, mabonge ya udongo ameyapanga mbele yake.

Mihayo alisimamisha gari karibu naye, akateremsha kioo. "Mwadila, mayu," akamwamkia.

Mayu ni mama. Eufrasia nusura acheke, kwa sababu mwanamke yule alikuwa binti mdogo, Mihayo angeweza kumwita mdogo wake wa mwisho. Uso wake ulikuwa laini. Miguu tu ndiyo ilikuwa imepasuka, mipasuko myeusi, mirefu, inapanda mpaka kwenye vifundo.

"Mwadila," alijibu.

Ndipo Eufrasia alipoona blauzi yake. Kifuani palikuwa na madoa mawili ya maji, moja kila upande, kama ya mama anayenyonyesha ambaye mtoto amechelewa kuamka. Kwa joto lile, ambapo hata mate yalikuwa yanakauka mdomoni, madoa yale yalikuwa mabichi na yanazidi kutanuka. Eufrasia akatazama chini ya ubanda amwone mtoto. Hakukuwa na mtoto.

Mwanamke akaokota bonge kubwa, akalipitisha dirishani mbele ya kifua cha Mihayo, akampa Eufrasia mkononi. Mihayo akaingiza mkono mfukoni.

"Mwenye mimba hauziwi," mwanamke alisema. Akalitazama tumbo la Eufrasia, akalitazama kwa muda. "Ng'wa nani?"

Wa nani. Hilo tu aliuliza.

Mihayo akatabasamu lile tabasamu lake la mapokezi. "Wa kwako, mayu."

 Mwanamke akauliza tena, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetaka uhakika. "Umesema wa nani?"

"Wa kwako."

Akapiga magoti. Magoti yote mawili, kwenye udongo uliopasuka, viganja amevikutanisha kama mtu anayepokea kitu. "Wabeja," akasema. Ahsante. Eufrasia aliona ajabu, maana aliyepewa ni yeye na anayeshukuru ni mwingine. Gari lilipoondoka, mwanamke alikuwa bado amepiga magoti.

Eufrasia aliuma udongo ule. Akakuta ndani una unyevu. Haukuwa na ladha ya udongo. Ulikuwa mtamu, uvuguvugu, ladha ya maziwa. Akateremsha kioo, akatema, akatupa bonge lote nje. Akashika tumbo.

Mtoto alikuwa ametulia.

Hakusema kitu. Alijiambia amelala, watoto hulala. Akajigonga ubavuni taratibu kwa vidole kama alivyozoea, akangoja ajibiwe. Hakujibiwa. Akanywa maji. Akabadili mkao. Alikuwa ameshapoteza mimba moja, nami najua alikuwa anaogopa kiasi gani, ingawa kwangu alisema tu kwamba mikono ilikufa ganzi.

Mbele ukatokea ubanda wa mabua.

Kiroba kilekile. Mabonge yaleyale, moja halipo. Mwanamke safari hii alikuwa amesimama ukingoni mwa njia. Kwenye kiganja chake cha kushoto alishika wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Kwenye kidole cha mkono wa kulia alikuwa amezungushia uzi mweupe.

"Labda ni ndugu yake," Mihayo alisema.

Hakupunguza mwendo. Walimpita, wala hakuwapungia mkono. Eufrasia aligeuka akatazama nyuma kwa shida, tumbo limembana. Mwanamke alikuwa ameanza kutembea, anafuata njia walikoelekea wao, bila haraka yoyote.

Hapo mama yeyote angejua wembe na uzi ni vya nini. Ni vya kukata na kufunga kitovu.

Mihayo akakanyaga mafuta. Gari likawa linaruka. Rozari inagonga kioo. Shangazi naye akaamka, anauliza kuna nini, hakuna aliyemjibu. Mbele, ubanda. Mwanamke amechuchumaa, anapuliza moto chini ya mafiga, chungu kinatoa mvuke. Aliinua uso walipopita. Akamtazama shangazi kupitia kioo, akainamisha kichwa taratibu, kama wanawake wanavyosalimiana mlangoni mwa chumba cha mzazi.

"Huyo ni nani?" shangazi aliuliza. Kwa sauti ndogo.

Mshale wa joto ukapanda. Mihayo akauona, akalaani, akaendelea. Moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Gari likakohoa, likakohoa tena, likasimama katikati ya mbuga.

Palikuwa kimya. Hapakuwa na ndege wala upepo. Eufrasia akashikwa na uchungu wa kwanza.

Shangazi akainama kutoka nyuma, akaweka mkono kwenye tumbo lake. Lilikuwa gumu. Kwa joto lile, lilikuwa la baridi.

"Tangu lini hajacheza?"

"Tangu udongo," Eufrasia akasema, na ndipo akaanza kulia.

Mihayo alikuwa ameshashuka na dumu tupu. Nyuma ya gari, kwa mbali, mwanamke alikuwa anakuja. Chungu kiko kichwani, mvuke unapanda juu yake. Anatembea wima. Alipokaribia, kaka yangu, masikini, alifanya alichozoea kufanya.

"Mayu, tusaidie maji ya gari."

"Haya si ya gari," alisema.

"Mihayo," shangazi aliita. "Ingia ndani."

Akaingia, akafunga mlango. Mwanamke akasimama upande wa Eufrasia, chungu kichwani, anangoja.

"Unamjua?" shangazi alinong'ona.

"Alitupatia udongo kule nyuma," Mihayo akasema.

"Alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu. Aliuliza mtoto wa nani."

"Ukamjibu nini?"

Mihayo akatazama usukani.

"Mihayo. Ulimjibu nini?"

"Wa kwako," alisema. "Nilisema wa kwako."

Shangazi Rhoda ni mtu wa kanisani, ila amezaliwa kijijini na anajua mambo ya kijijini. Aliniambia kwamba aliposikia jibu lile hakuona haja ya kuuliza zaidi. Alimwona tu Eufrasia anavyobanwa na uchungu wa pili, akaona mdomo wake umepauka. Akafungua mlango. Akashuka. Hakumwita mwanamke yule mama.

"Binti," alimwambia, "umezungumza na mtu asiye na mtoto."

"Amenipa."

"Amekupa kisicho chake." Shangazi alisema kwa sauti ya kikao cha wazee, ili kila neno lisikike. "Huyu mwanamke alitoroshwa. Kwetu hakujatoka ng'ombe hata mmoja. Aliyeko tumboni ni wa kwao mama yake, na wao hawajampa mtu. Nasema aibu ya ukoo wangu mbele yako. Kijana huyu hana mtoto wa kumpa yeyote."

Mwanamke akafikiri. Madoa ya kifuani yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni.

"Hana mtoto," alisema.

"Hana."

"Alinipa, naye hana kitu."

"Hana kitu huyu," shangazi alisema, na hapo ndipo ulimi ulipomponyoka. "Ana yeye mwenyewe tu."

Alisema kama tunavyosema wote tukimtetea kijana fukara. Aliniapia kwamba kabla hajafunga mdomo alishajua amesema nini. Mwanamke akageuza shingo. Kwa mara ya kwanza akaacha kutazama tumbo. Akamtazama Mihayo usoni.

"Aliniita mayu," akasema.

Akateremsha chungu chini. Mihayo akafungua mlango, akashuka. Hakuna aliyemwambia ashuke. Eufrasia alimshika shati. Shati likamtoka mkononi. Akaenda akasimama mbele ya yule binti mdogo, akainamisha kichwa, na mwanamke akachota maji yale yaliyokuwa yanatoa mvuke, akamnawisha. Uso. Nyuma ya masikio. Mikunjo ya shingo. Akampitisha kidole ndani ya mdomo, akamfuta ulimi. Taratibu, kama anavyooshwa mtoto wa siku moja.  Mihayo hakuungua. Alikuwa amefumba macho, na Eufrasia aliniambia, akiwa anatazama pembeni, kwamba hajawahi kumwona mume wake ametulia vile.

Mwanamke akamfuta uso kwa pindo la kitenge chake. Akageuka, akarudi alikotoka. Chungu akakiacha.

Tumboni mtoto akapiga teke ambalo Eufrasia alilipigia kelele.

Mihayo akamimina maji ya chungu kwenye rejeta. Yalikuwa ya baridi. Akawasha gari, likawaka palepale. Uchungu wa Eufrasia ukakatika njiani, na Mihayo akaendesha mpaka Bukoli bila kusema neno.

Mtoto alizaliwa siku chache baadaye kwa mzee Herman, wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mji. Mzee akampokea, akampa jina la baba yake mwenyewe, Agapiti, na kwa furaha ile akakubali kukaa na shangazi wakazungumza mambo ya ng'ombe mpaka yakaisha vizuri. Tulipopigiwa simu mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nilicheza. Nilicheza kwelikweli, hata sasa nikikumbuka naona aibu.

Waliporudi Shinyanga tuliwapikia. Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi amwone mjukuu wake. Mihayo akashuka, amenenepa kidogo, ngozi inang'aa. Akanikumbatia, "Evelina, umezeeka." Akamgeukia mama, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mama Mihayo."

Tulicheka. Mama akacheka zaidi yetu, akaitikia, "Marahaba, mgeni wangu." Mihayo akaingia, akangoja aonyeshwe kiti. Akaomba maji ya kunywa, akisema samahani kwa usumbufu. Baada ya chakula akamshukuru mama kwa ukarimu, akamwambia kwamba amejisikia kama yuko nyumbani. Shangazi Rhoda aliweka sahani yake chini, akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta wa jiko analia.

Hajasahau kitu kingine. Kazini anakwenda, mke wake anampenda, jina la kila mteja wa gesti analijua. Mimi ananijua ni dada yake. Ukimuuliza mama yetu sisi ni nani, anatabasamu, anabadili mazungumzo. Tumekwenda kwa padri. Tumekwenda hospitali, wakapima kichwa, hakina kitu. Mama akatoa ile picha ya ubatizo, yeye akiwa kijana amempakata Mihayo mchanga kwenye nguo nyeupe, akaiweka mbele yake mezani. Mihayo akaiinua, akaitazama kwa upendo.

"Mtoto mzuri, Mama Mihayo," akasema. "Wa nani?"

"Wa kwangu," mama akajibu.

"Hongera," akasema, akamrudishia picha kwa mikono miwili.

Nilimchukia shangazi kwa muda. Siku aliponisimulia mambo ya mbugani nilimwambia kwamba alimuuza kaka yangu. Hakukana. Alisema, "Nilitafuta neno la kumwokoa mtoto, nikasahau kwamba Mihayo naye ni mtoto wa mtu."  Agapiti alikuwa amelala mapajani kwake, ameshika kidole chake.

Wiki iliyopita Mihayo alikuja na mke wake kututembelea mchana. Akasema amechoka, akaomba ajinyooshe kidogo chumba cha wageni. Sisi tulikuwa barazani tunachambua mchele, mimi, mama, Eufrasia na Monika wa nyumba ya pili. Alilala muda mrefu. Alipoamka akatoka bila shati kwenda bombani kunawa, akatugeuzia mgongo.

Monika ndiye aliyeona kwanza, akaacha kuchambua. Mgongoni mwa kaka yangu palikuwa na mikunjo miekundu, mipana, imepita chini ya makwapa na kuzunguka chini ya makalio mpaka kwenye mapaja, inaonekana hata pale kaptula ilipoishia. Akageuka. Shavu la kushoto lilikuwa na chapa ya nyuzi za kitambaa, na jasho, na alama ya mshono. Wanawake wote pale tuliijua alama ile. Ni ya mtoto aliyelala kwenye mbeleko, shavu amelilaza mgongoni kwa mama yake, ametembezwa mbali kwenye jua. Kitandani nilikokwenda kutazama baadaye nilikuta shuka limenyooka, halijakaliwa.

Mama alisimama kwa magoti yake yale mabovu. Akamfikia, akanyoosha mkono amguse shavu. Shavu lilikuwa la moto. Mihayo akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kumuudhi mama wa watu.

"Samahani, Mama Mihayo," akasema. "Mayu hapendi nishikwe na wageni."